Kuku Mwenye Funguo Shingoni

Mimi na Albertine hatupikiki chungu kimoja, na nalisema mapema ili mtu asije akadai nilimsengenya kwa kificho. Lupango yake na yangu zinapakana, yaani kiwanja kwa kiwanja, ukuta mmoja. Meza yake sokoni na yangu zinapakana pia. Miaka kumi na tisa sasa, nikitoka asubuhi namwona, nikifika kazini namwona, nikirudi nyumbani namsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta. Hata mume wangu Asani sijamwona kiasi hicho, maana yeye wiki nzima yuko mpakani, Kasumbalesa, na karatasi za malori ya watu, anarudi Ijumaa.

Albertine anauza wanyama wa udongo. Usifikirie tembo na twiga wa kuwauzia wageni. Wanyama wake wana vituko. Kiboko amekaa kwenye kochi, amekunja nne. Chura amevaa tai na anapiga miayo. Bata amevaa viatu vya kisigino kirefu na amebana samaki kwapani. Watu wanasimama, wanacheka, wananunua, wanakwenda zao, na mgeni hajui kitu. Sisi wa sokoni tunajua. Kila mnyama ni mtu. Ukimkosea Albertine hatukani wala hapandishi sauti. Ananyamaza, anakutazama pua, anakutazama masikio, na baada ya wiki tatu uko mezani kwake, umekwisha kuchomwa, una bei.

Kiboko ni Papa Aaron, shefu, yaani mkuu wa soko letu, aliyewahi kumwambia asogeze meza yake ili gari lake lipite. Bata ni Mulenga, muuza thomson, wale samaki wa barafu. Mulenga alimwambia mbele ya watu kwamba ananuka moshi, na moshi si uongo, mwanamke anachoma udongo uani kwake. Chura ni katekista mmoja wa parokia yao. Huyo simtaji jina, kwa kuwa hajui hadi leo.

Kufinyanga alifundishwa na bibi yake aliyezaliwa kaskazini. Baba yake alikuja hapa Lubumbashi na kazi ya reli. Alipokuwa msichana alifinyanga vyungu vya kupikia, mitungi, na vyungu vya maharagwe vyenye mdomo mpana, na wanawake walipanga foleni. Kisha yakaja masufuria na mabeseni. Na mabeseni, mimi ndiye ninayeuza. Mwaka wa kwanza nilipoweka meza yangu karibu na yake alinitazama nikipanga bidhaa, akasema:

"Mama Yasmine, we njo uliua nyungu yangu."

Mama Yasmine ni mimi. Jina langu ni Rabia, Yasmine ni binti yangu wa kwanza. Nikamjibu kwamba vyungu vyake sikuviua mimi, sijamshika mtu mkono kumnunulisha beseni. Hapo ndipo tulipoanza, wala hatujapumzika.

Sasa nieleze habari ya kichuguu, maana bila kichuguu hakuna kesi. Kati ya lupango zetu mbili kuna kichuguu kirefu kupita paa langu. Ukuta wangu unaishia kinapoanza, halafu unaendelea kinapokwisha, kwa sababu fundi alisema hawezi kukivunja. Udongo wake hauna mchanga hata kidogo. Wanawake wenye mimba wanabisha hodi kuomba kipande cha kutafuna. Albertine anachimba upande wake, anauloweka udongo kwenye pipa lililokatwa, kisha anaupitia kwa vidole, tonge kwa tonge, jinsi mtu anavyochagua mchele. Kijiwe kikiwepo vidole vinakikuta. Hajawahi kutumia chekecheo, na analitangaza.

"Chekecheo ni ya bale vidole yao ilikufa," anasema. Ana miaka sitini na tatu na vidole vyake anavisifu utadhani ni watoto waliofaulu mtihani.

Mwezi wa tatu mwaka jana alikuja mama mmoja wa Kasapa, mke wa mwalimu wa chuo kikuu, mwenye miwani na gari. Alishika wanyama watatu, anawageuza, anacheka peke yake. Mimi tangu asubuhi sijauza hata kikombe. Roho ilinichafuka, nikasema, bila kumtazama mtu, kwamba udongo wenyewe unatoka pale ambapo kuku wangu wanalala na watoto wa mtaa wanakojoa. Yule mama akawarudisha wanyama mezani mmoja mmoja, akafuta mikono kwa kitambaa, akaondoka. Nilichosema kilikuwa kweli, ila sikuwa na haja ya kukisema. Albertine alinitazama pua, kisha masikio, kisha kitambala changu cha kichwani. Nikajua yatakayonipata.

Baada ya wiki tatu kuku alikuwa mezani.

Amesimama juu ya beseni lililopinduliwa, mguu mmoja juu, kama ninavyosimama mimi nikiita wateja. Mdomo wazi hadi unaona koo. Kitambala kimefungwa upande wa kushoto. Shingoni ana rundo la funguo, na mimi, naam, funguo zangu nazivaa shingoni kwa kamba, kwa sababu nyumba yangu ina vyumba na kila chumba kina sababu yake ya kufungwa. Mulenga alikuja mara tatu kumwangalia, anajifuta machozi ya kicheko, naye mwenyewe ni bata. Kila mteja aliuliza bei ya kuku yule, na Albertine alimjibu kila mtu neno lile lile:

"Uyu hauzwi."

Akamgeuza akaelekea meza yangu. Kuanzia mwezi wa nne nilikuwa nauza mabeseni huku najipigia kelele mwenyewe usoni. Asani nilipomweleza alitaka kukasirika, kisha akaenda kumwona, akarudi amebana midomo. Usiku mzima mabega yake yalitikisika, na mimi wallahi sikulala.

Mwezi wa sita, kabla ya Idi ya kuchinja, tulipaka ukuta chokaa. Ikabaki nusu ndoo, madonge matupu. Ningeweza kuimwaga mferejini. Nilipanda juu ya kigoda nikaimwaga upande wake, pale pale anapochimba. Nia yangu ilikuwa ndogo: achafuke, asumbuke asubuhi moja. Aliokota madonge makubwa, akanirushia juu ya ukuta, moja likatua ndani ya sufuria yangu ya sombe, yaani kisamvu. Nikaona tumelipizana. Yale madogo yalizama udongoni. Na chokaa iliyolowa ni laini, vidole vikiipita vinaiona ni udongo. Hilo sikulijua, wala Albertine hakulijua. Bibi yake hakuwahi kuwa na jirani kama mimi.

Mwezi wa nane alichoma wanyama wapya, kiboko, bata na chura tena, maana wa kwanza walikuwa wamekwisha, tanuri limejaa, wote wakatoka wazuri. Waliuzika. Hata watu wenyewe waliofanywa wanyama walikuwa wakija kujinunua, wengine ili wasionekane tena pale, wengine kwa majivuno. Papa Aaron aliweka kiboko wake juu ya meza ya ofisi. Mulenga alimpeleka bata nyumbani, akamweka juu ya televisheni.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha.

Jumatatu, bata wa Mulenga aliachia mguu. Hakuna aliyemgusa. Mguu ulibanduka tu, ukaanguka. Jumatano Mulenga aliteleza kwenye maji ya barafu ya samaki wake, akateguka kifundo cha mguu, mguu ule ule. Alhamisi taya la kiboko likadondoka juu ya karatasi za Papa Aaron, naye tangu asubuhi alikuwa kwa daktari wa meno, shavu limevimba. Ijumaa, mezani kwa Albertine, mchana, watu wamesimama, jicho la chura lilitoka lenyewe kwa mlio mdogo, likaruka hadi kwenye beseni langu. Watu walirudi nyuma hatua mbili, wote pamoja.

Huku kwetu neno lake ni mulozi. Mchawi. Halisemwi kwa sauti mwanzoni. Linasemwa kwanza kwenye pampu ya maji, kisha kwenye foleni ya unga, kisha mtu analisema kanisani. Nimemwona mjane mmoja wa avenyu yetu likimkuta. Mawe yalipigwa juu ya bati lake siku tatu, wanawe wakaacha kuja, na mwisho alipanda lori na godoro lake bila kujua anakwenda wapi. Na Albertine ni mjane. Mwanawe Fils yuko Kambove anachimba madini na wenzake, anakuja Krismasi akikumbuka.

Lile jicho la chura nililiokota mimi. Nikaligeuza. Nyuma yake kulikuwa na doa jeupe, dogo, punje ya chumvi ni kubwa. Nikaliweka kwenye ulimi. Ilikuwa chokaa yangu.

Sikusema. Nataka lieleweke kwamba sikusema. Watu walikuja mezani kwangu wakaninong'oneza, "Mama Yasmine, we iko jirani yake, hausikiake kintu usiku?" na mimi nikainua mabega, nikajibu kwamba kikohozi nakisikia. Kwa mabega yale nilimuuza. Siku mbili za kwanza nilifurahi, Mungu ananijua. Siku ya tatu niliogopa. Siku ya nne niliona haya, lakini haya yenyewe haikunifungua mdomo.

Jumanne asubuhi Papa Aaron aliita watu wote mbele ya meza zetu. Shavu lake bado limevimba, anasema kwa upande mmoja. Albertine alisimama nyuma ya meza yake na aproni yake yenye matope. Mezani walikuwepo wanyama kumi na kitu, huyu hana pua, yule sikio moja, yule ana shimo tumboni.

"Mama Albertine," Papa Aaron akasema, "bantu banaogopa. Miye sisemi kintu. Lakini unafanyaka sura ya bantu, na sasa bantu banaumia. Ujibu."

Albertine aliangalia watu pua na masikio, kama kawaida yake, na watu wakaanza kujiziba nyuso kwa viganja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, naangalia chini.

Ndipo Mulenga, aliyekuja na fimbo, alipoinama juu ya meza.

"Na uyu?" akasema. "Muangalie kuku. Bote balivunjika, ye iko muzima."

Kweli. Kuku hakuwa na hata mkwaruzo. Mdomo wazi, funguo zote shingoni, kitambala upande wa kushoto. Watu walimwangalia kuku, kisha wakageuka taratibu wakaniangalia mimi. Niliona hesabu inavyopigwa vichwani mwao, na nikaona jibu lake kabla halijasemwa. Mulozi anakula wenzake, mwili wake haudhuriki. Na nani asiyejua kwamba namchukia Albertine. Na nani aliyekaa ukuta kwa ukuta naye, na nani aliyeokota jicho la chura akaliweka mdomoni mbele ya watu.

"Njo maana alikula lile jicho," mtu akasema. "Nilimuona na macho yangu."

Mkono wa mtu ulipita ukachukua beseni mezani kwangu, nikalisikia linagonga ardhi. Lingine likafuata. Nilitaka kusema: ni chokaa, nilimwaga chokaa. Lakini nilijua jinsi itakavyosikika. Mwanamke amebanwa, sasa anatafuta ndoo ya kujifichia. Na hata wakiniamini, nitakuwa nimekiri kwamba nilijua siku nne nzima na nikamwacha mwenzangu aitwe mulozi. Mdomo wangu huu, ambao umefinyangwa ukiwa wazi, ulikauka. Nilifikiri bati langu. Nilifikiri godoro juu ya lori.

"Mumuache," Albertine akasema.

Hakupaza sauti. Alichukua chura, akampiga kwenye ukingo wa meza, akavunjika vipande viwili. Akamwonyesha Papa Aaron, akamwonyesha Mulenga, akampitisha mbele ya kila mtu. Ndani ya udongo mwekundu kulikuwa na vidoa vyeupe.

"Ni chokaa. Inakunywa maji ya mvua, inavimba, inarusha udongo. Uyu mwanamuke alimwanga ku kichuguu yangu mwezi ya sita, juu ya kasirani ya ile kuku. Kuku niliiumba mbele ya chokaa kufika, njo maana iko muzima. Nilijua tangu siku jicho ilitoka."

"Ulijua?" Papa Aaron akauliza. "Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Hapo ndipo aliponitazama. Machoni, si puani.

"Haiko mulozi," akawaambia watu. "Bulozi inaomba akili. Uyu iko na roho mubaya tu. Na kama tunafukuza bantu ku soko juu ya roho mubaya, nani atabakia kuuzisha?"

Watu walicheka. Kwanza Mulenga, kisha mwingine, kisha soko zima, hata Papa Aaron, ameshika shavu kwa maumivu. Mtu aliinama akaniokotea mabeseni yangu, rangi imebanduka pembeni. Kicheko kile kiliniokoa, na Albertine sijamsamehe mpaka leo. Angenitukana matusi ya nguoni ningemjibu. Sasa nitamjibu nini?

Nilingoja aje kudai kitu. Hakuja. Asani alitaka kwenda kuomba radhi kwa niaba ya nyumba, nikamkataza, kisha Ijumaa iliyofuata nikamwambia aende. Akaenda. Albertine alimpokea, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Papa Asani, we haukumwanga kintu." Akarudi hivyo hivyo.

Kichuguu kimekufa kwake. Chokaa imeingia na mvua hadi chini, hakuna anayejua imefika wapi. Sasa udongo anaufuata mbali, njia ya Kasapa, anaubeba kichwani kwenye gunia la mchele lililopasuka, na matope yanamchuruzika shingoni. Asubuhi moja nilisimama juu ya kigoda, nikachungulia juu ya ukuta. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha, na mikononi ameshika chekecheo. Jipya, bado lina karatasi ya dukani. Anachekecha, anasimama, anapitisha vidole kwenye udongo uliokwisha kuchekechwa, kisha anaurudisha kwenye chekecheo. Haamini tena. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa jikoni, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua naielekeza kwa nani.

Kesho yake, kabla hajaamka, nilichukua beseni kubwa kuliko yote niliyo nayo, la bati lenye maua ya bluu, lile ambalo wanawake wananunua kwa ajili ya harusi. Nikaliweka mlangoni pa lupango yake. Sikubisha hodi. Nilijiambia kwamba ataelewa, na asipoelewa shauri yake. Gunia limepasuka, beseni hili hapa.

Asubuhi iliyofuata lilikuwa mbele ya mlango wangu.

Lilikuwa limejaa. Nilifikiri ni udongo, kisha nikainama. Pua. Masikio. Mguu wa bata na kisigino chake. Taya la kiboko. Jicho la pili la chura. Vyote ambavyo wateja walimrudishia tangu mvua ya kwanza, alikuwa amevitunza, ameviosha matope, na kila kipande amekigeuza doa jeupe liangalie juu.

Nilikaa kizingitini na beseni kati ya miguu. Upande wa pili wa ukuta alikuwa anakohoa. Nilitaka kulimwaga mferejini, pale ambapo ningemwaga ile chokaa. Mikono ilikataa.

Sasa liko sokoni, chini ya meza yangu, na vilivyomo. Kuku bado ananielekea, mdomo wazi. Hatusalimiani. Mara nyingine mteja anainama, anaona maua ya bluu, anauliza bei ya beseni lile la chini, na Albertine anaacha anachofanya ili asikie nitajibu nini.

Namwambia lile haliuzwi.